Kifuani mwa Thermuthi

Mume wangu Horioni hajui kuongopa. Sisemi kwamba ni mwema kuliko watu wengine, maana nimeishi naye na ninamjua. Ni masikio yake tu. Akitamka neno lisilo kweli masikio yanamwiva mpaka ncha, na hata watoto wa jirani wanajua hapo pana jambo. Mama yake, Thermuthi, alikuwa akimwambia, "Wewe mwanangu usije ukauza kitu sokoni, utatutia umaskini." Basi akawa msomaji wa kanisa, kazi ambayo mtu anasoma yaliyokwisha kuandikwa na hatakiwi kubuni lolote.

Ilipokuja amri ya Kaisari kwamba Wakristo watoe vitabu vyao vichomwe mbele ya baraza la mji, masikio hayo yakawa balaa. Amri ilisema kila msomaji ataapa kwa bahati ya Kaisari kwamba hana kitabu na hajui kilipo. Akiapa uongo atapelekwa machimbo ya mawe kule jangwa la mashariki, na kabla ya safari atatobolewa jicho la kulia. Tulikuwa tumekwisha kuwaona wawili wakipitishwa kando ya mfereji, wamefungwa kamba moja, kila mmoja na kitambaa kichafu usoni. Mmoja alikuwa anauliza kama bado ni mbali. Siku ile sikula.

Mji wetu ulikuwa na kitabu kimoja tu, Injili ya Yohana, imeandikwa Kiyunani juu ya kurasa za mafunjo zilizokunjwa na kushonwa katikati kwa uzi. Kilinakiliwa zamani za mababu. Kingo zake zilikuwa zimeliwa, na ukurasa mmoja ulidondokewa mafuta kutoka kwenye taa kabla mimi sijazaliwa. Sijui kusoma, lakini nilikuwa nikimwona Horioni akifika kwenye lile doa najua nusu bado. Alikileta nyumbani kimefungwa kwenye shuka, akanipakatisha juu ya sinia la dengu nilizokuwa nachambua.

"Tausiri," akasema, "kifiche. Usiniambie wapi."

"Na nikifa?"

"Usife."

Akatoka kwenda kuchota maji, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu anioe. Nilibaki na kitabu mapajani nikimlaani kimoyomoyo. Mwanamume anakupa uhai wake ukae nao, kisha anakuomba hata yeye usimwonyeshe.

Nilizunguka nyumba nzima. Tanuri la mkate askari walikuwa wamelivunja kwa jirani. Viota vya njiwa juu ya paa walivimwaga vyote kwa yule mshona viatu, mayai yakaliwa na mbwa. Mitungi wanaichokoa kwa mkuki. Chini ya sakafu wanamwaga maji, na panaponyonya upesi ndipo wanapochimba. Kila pahali nilipotia kitabu nilirudi nyuma hatua chache nikajifanya askari, na kila mara nilikiona.

Ndipo nikaingia chumba cha nyuma alikolala mavyaa, mama yake Horioni.

Thermuthi alikufa wakati wa mavuno. Watu wa kazi hiyo walimkausha, wakamfunga kitani, wakamrudisha, nasi tukamlaza juu ya kitanda chake kama tunavyofanya sote hapa, mpaka maji ya mto yajae kwenye mfereji na mashua iweze kuja kumchukua. Kumzika ni haki ya mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni Kopre, kaka yake Horioni, anayekaa mbali, upande wa juu wa mto. Kopre hajabatizwa na hana nia hiyo. Lakini ni yeye aliyegharamia kila kitu, na mafundi wakamfunga mama yake kwa ile mikanda myembamba inayokatizana kifuani, kazi safi, mpaka majirani walikuja kuangalia.

Nilijua jambo moja. Hakuna askari atakayemgusa. Mtu akimgusa maiti aliyefungwa anakuwa najisi, haingii hekaluni, haingii hata barazani. Na anayefungua maiti ni mwizi wa wafu, na huyo kwetu anachukiwa kuliko muuaji, kwa kuwa muuaji angalau amemkabili mtu anayeweza kupiga kelele.

"Mama," nikamwambia, "niwie radhi. Ni kwa ajili ya mtoto wako." Nikaanza kulegeza mikanda.

Alikuwa mwanamke mkali na nilimpenda. Hakuwa mtu wa kanisa, lakini Horioni akisoma nyumbani alikuwa akija kukaa nyuma ya pazia, akijidai anatafuta kitu. Nilimwambia hayo yote huku nafungua. Chini ya kitani, juu kabisa ya kifua, nilimkuta dundu, yule mdudu wa mabawa magumu, amechongwa kwa jiwe la kijani na kuzungushiwa dhahabu, mkubwa kama yai la njiwa, yule ambaye Kopre alimnunua aulinde moyo. Nilikilaza kitabu chini yake, nikafunga, kifua kikavimba. Nilijaribu kukisogeza kushoto, kikavimba kushoto. Mwishowe nikamtoa yule dundu, nikamzamisha ndani ya mtungi wa dengu, nikasema siku mambo yakitulia nitamrudishia mwenyewe. Nikafunga mikanda kama ilivyokuwa, fundo kwa fundo. Kikalala sawa.

Sisi wakwe wa kike tunamwamkia maiti miguuni. Nikaenda miguuni, nikainama, nikaangalia kutoka pale. Hapakuwa na kasoro yoyote, nikajisifu. Wana wanaamkia wapi, hilo halikunijia hata kidogo.

Askari walikuja maji yalipokuwa yamekwisha kujaa. Aliyewaongoza ni Sarapamoni, mkuu wa mtaa, mtu mnene mwenye mafua yasiyoisha, ambaye baraza lilimbebesha kazi hii na yeye akaibeba kama anayebeba jiwe la mwenziwe. Alimjua mavyaa tangu zamani, kwa kuwa Thermuthi ndiye aliyekuwa akimpikia bia ya shayiri kwa sikukuu. Walichokoa mitungi yote, na ule wa dengu pia, lakini mkuki hausikii dundu. Walipanda juu ya paa. Walimwaga maji sakafuni. Sarapamoni alifika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akamwona Thermuthi, akarudi nyuma hatua moja.

"Bado yupo?"

"Tunamngoja mwanawe mkubwa," nikasema.

"Mwanamke aliyejua bia, huyo." Akapenga kamasi. "Horioni, njoo hapa kwenye mwanga. Kitabu kiko wapi?"

"Sijui, mkuu."

"Apa."

Horioni akaapa kwa Mungu aishivyo kwamba hana kitabu mkononi na hajui kilipo, na kwa bahati ya Kaisari hakuapa, maana kwetu hicho ni kiapo cha miungu, na Sarapamoni akajifanya hakusikia tofauti. Nilikuwa natazama masikio. Yalikuwa rangi ya masikio ya mtu yeyote. Sarapamoni naye alikuwa anayatazama, kwa sababu katika mtaa huu nani asiyeyajua? Akaridhika. Wakatoka kwenda kwa Mzee Pekusi, mzee wa kanisa letu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nami nikachukua ufagio.

Sijamaliza hata kufagia maji, nikamsikia Kopre.

"Wenye nyumba. Mbona mmeoga mpaka sakafu?"

Aliingia na mtungi wa bia begani na samaki wakavu wamening'inia kwenye kamba, jasho linamtoka, na nyuma yake wabeba maiti wawili ambao aliwaambia wangojee nje kwenye kivuli. Mashua ilikuwa imekwisha kufungwa mferejini. Kopre ni mkubwa wa mwili na wa sauti. Mama yake alimpa jina hilo, maana yake mavi, ili jicho baya limwone hana thamani limpite, na yeye mwenyewe husema dawa ilifanya kazi, tazameni nilivyonenepa.

"Shemeji Tausiri, umekonda. Huyu anakulisha maneno matupu?"

"Karibu, kaka. Tumetoka kupekuliwa."

"Wamepata?"

"Hakuna cha kupata," akasema Horioni haraka, kisha akajishika sikio.

Kopre akacheka. "Ndugu yangu, ukikutana nao usiseme kitu. Masikio yako yatawawashia taa." Kisha akaacha kucheka, akamtazama mdogo wake vizuri. "Wale wa machimbo niliwaona njiani. Wako wengi siku hizi. Wape kitabu hicho waende zao, Horioni. Ni mafunjo. Mafunjo yanaota kila mwaka."

"Kaka, usianze."

"Sijaanza. Nimekuja kumchukua mama."

Tulitandika chakula chumba cha nyuma kama inavyopasa kabla ya safari ya mwisho, mkate, vitunguu, samaki wake, na kikombe cha bia kwa mwenyewe aliyelala. Mimi nilikwenda miguuni. Horioni akakaa upande wa kichwa. Kopre akapiga goti, akaweka kiganja chake kikubwa kifuani mwa mama yake.

"Mama, mimi Kopre. Leo tunakwenda kwa baba."

Mkono ukabaki pale. Akaubonyeza. Akausogeza kidogo, akabonyeza tena, na hapo nikakumbuka. Wana wanaamkia kifuani. Nilikuwa nimemwona Kopre akifanya hivyo mbele ya macho yangu, siku walipomrudisha mama yake, akatabasamu alipompata dundu chini ya kitani. Nilimwona na sikumwona.

"Dundu yuko wapi?"

"Dundu gani?" akauliza Horioni.

"Usiniulize dundu gani. Nilimweka hapa. Nikiweka mkono namkuta. Leo pamekuwa bapa kama sinia." Akainuka. "Nani amemfungua mama yangu?"

"Kaka, nani amfungue? Kwa nini?"

"Kwa dhahabu, kwa nini kingine? Nyinyi hamuiamini ile kazi ya dundu. Mnasema moyo una mlinzi mwingine. Basi mkaona dhahabu inalala bure." Sauti yake ilikuwa inapanda, ikavuka ukuta. "Nilimwacha mikononi mwako, Horioni. Mikononi mwako, mtu wa Mungu."

Mimi nilikuwa nasema moyoni nyamaza, Kopre, nyamaza, Kopre, na nilitamani kumziba mdomo kwa mkate. Nilichelewa. Kamasi ilisikika mlangoni. Sarapamoni alikuwa ametoka kwa Mzee Pekusi mikono mitupu na ghadhabu imempanda, akasikia kelele, akarudi na askari wake.

"Mnagombana mbele ya maiti? Kuna nini?"

"Mama yangu ameibiwa," akasema Kopre. "Amefunguliwa na akafungwa tena."

Sarapamoni akaitazama ile mikanda. Akamtazama Horioni. Akairudia mikanda.

"Amefunguliwa," akasema polepole. "Na tunajuaje kwamba kitu kimetolewa? Huenda kimetiwa."

Horioni akageuza kichwa akanitazama mimi, na pale pale nikaona ncha za masikio yake zinaanza kubadilika. Alikuwa ameanza kukisia. Pumzi mbili tatu zaidi na angejua, na akijua mume wangu basi amejua mtaa mzima, na Sarapamoni alikuwa bado hajamgeukia.

"Ni mimi," nikasema. "Nimemwibia mama."

Nilikwenda jikoni kabla mtu hajanishika, nikabeba ule mtungi, nikaja nikaumwaga mbele yao. Dengu zikatapakaa kwenye tope, dundu akatoka kwa upande, akabiringika mpaka kwenye kiatu cha askari, dhahabu yake inang'aa kama mpya. Askari akaruka nyuma.

"Nilimwona anakaa bure," nikasema. "Nilifikiri hamtajua."

Masikio ya Horioni yalirudi rangi yake. Uso wake ndio ambao sikuutambua. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia nyumba siyo, na nilitaka kumwambia hapana, hapana, mume wangu, nikauma ulimi kwa nguvu mpaka nikasikia chumvi ya damu.

"Mwizi wa wafu," akasema askari mmoja, na akatema mate pembeni.

Sarapamoni alimtazama dundu pale chini. Hakuwa mjinga, na laiti angekuwa mjinga. Alimwokota dundu kwa ncha ya joho lake, akampa Kopre.

"Mrudishie mama yako kitu chake. Mimi simgusi, nina kafara ya kutoa kesho, lakini wewe ni mwanawe wa kwanza na hukatazwi. Tia mkono mpaka ndani. Kisha uniambie kuna nini humo."

Sijui kama mtu anaweza kufa kwa kusimama. Kopre alipiga goti tena. Alilegeza mikanda miwili, pale pale nilipoilegeza mimi, akaingiza vidole, kisha kiganja, kisha kifundo cha mkono. Nikasikia mafunjo yanachakarika. Kwangu ilikuwa sauti kubwa kama mtu anayevunja kuni. Nilikohoa, nikakohoa tena, na Horioni, maskini, akadhani nalia.

Mkono wa Kopre ukakoma. Kutoka pale alipopiga goti aliinua macho akanitazama, na hakuna aliyewahi kunitazama muda mrefu hivyo. Kisha akamtazama mdogo wake, macho yake yote mawili, la kulia na la kushoto. Nadhani aliyaangalia hayo tu.

"Basi?" akasema Sarapamoni.

"Kuna mama."

"Na kingine?"

"Unataka nikuhesabie mbavu zake, mkuu?"

Askari mmoja akaguna. Sarapamoni hakucheka. "Apa. Apa kwa huyo uliyemshika."

Nyinyi hamumjui Kopre. Anaweza kumdhulumu mtu kwenye bei ya shayiri na akalala usingizi, lakini mama yake alikuwa ndiye dini yake. Akaacha mkono wake ndani, chini ya kitani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Naapa kwa mama yangu, mkono wangu kifuani mwake, hakuna humu ila yeye na mdudu wake. Na nikiongopa asinipokee."

Masikio yake hayakubadilika. Wale ni ndugu wa tumbo moja lakini hapo hawafanani.

Akamsukuma dundu upande wa bega, akafunga mikanda vizuri zaidi yangu, akainuka. Sarapamoni akamuuliza kama anamshtaki mwanamke huyu. Kopre akanijia karibu. Nilidhani atanipiga. Alinitemea mate miguuni.

"Hii ni aibu ya nyumba yetu," akasema. "Tutaimaliza sisi wenyewe."

Wakaondoka. Sarapamoni alipofika mlangoni aligeuka, si kwangu bali kwa Horioni. Alimwambia hana haja ya kumsumbua zaidi, ila liwali anawataka wasomaji wote wa wilaya mjini kwake, waape tena mbele yake mwenyewe, na huko hakuna atakayejifanya hasikii. Aondoke keshokutwa.

Tulimsindikiza mavyaa mpaka mferejini, wabeba maiti mbele, Horioni nyuma yao, mimi nyuma ya wote kama mbwa aliyeiba nyama. Habari ilikuwa imetutangulia. Wanawake walivuta watoto wao ndani nilipopita. Walipokuwa wanamlaza kwenye mashua na Horioni ameshika upande wa kichwa, Kopre alinivuta kando kwa mkono, kwa nguvu, ili wanaoangalia waone ananikaripia.

"Mama hakujua kusoma," akasema.

"Najua, kaka."

"Umempa kitu kizito azeeke nacho huko." Akaangalia mashua. "Nimeapa uongo juu yake, shemeji. Juu ya kifua chake. Unajua nitamwambia nini nikifika huko kwa baba?"

"Mwambie ni mimi."

"Atajua ni wewe. Atajua na mimi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sitakitoa. Nikikitoa nitakamatwa nacho njiani. Kitakwenda naye kaburini, kwenye mchanga wa juu kule ambako hakuna maji. Na kila atakayeniuliza nitamwambia mke wa ndugu yangu ni mwizi wa wafu. Lazima niseme. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na yule," akaonyesha kwa kidevu, "usimwambie."

"Siku moja nitamwambia."

"Mpaka amri hii ife, usimwambie. Wataapishwa tena na tena. Utamwona atakavyokuwa anakutazama na utataka kumwambia, kila siku utataka. Usimwambie, shemeji. Nimemuuza mama yangu kwa ajili ya jicho lake."

Akanisukuma kifuani, nikakaa kitako kwenye tope, na watu wakaona ni haki. Mashua ikaondoka.

Siku mbili zile ndani ya nyumba zilikuwa ngumu kuliko upekuzi. Horioni si mtu wa kupiga wala kutukana, na nilitamani awe. Alizungumza nami kwa adabu, kama anavyozungumza na mgeni. Asubuhi ya safari nilimfungia mkate na tende. Alikuwa amesimama kizingitini, fimbo mkononi.

"Kile kitu," akasema bila kunitazama. "Kipo?"

"Kipo."

"Pazuri?"

"Pazuri."

"Basi." Hakuondoka. "Tausiri, ulikuwa na shida gani? Kama ulikuwa na shida ungeniambia. Ningeuza hata joho. Ulikuwa na shida gani mpaka ukamfungua mama?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lote lilikuwa pale, nilikuwa nalisikia kwenye meno. Nilimwona mbele ya liwali, nje, kwenye jua, karani anamsomea kiapo, watu wamejaa, na masikio yake.

"Tamaa tu," nikasema.

Akatikisa kichwa, mara nyingi, polepole. Aliondoka, na ule mkate akauacha kizingitini.

Sikulala mpaka aliporudi. Nilikuwa nikisikia nyayo kila saa. Aliporudi nilimwona kwa mbali kando ya mfereji na nikashindwa kumwona uso, jua lilikuwa nyuma yake, na nilikimbia, mwanamke mzima nakimbia njiani kichwa wazi, mpaka nilipomwona macho yake yote mawili. Alinipita akaniambia, "Salama," kama anavyojibiwa mtu aliyeuliza. Watu walisimulia baadaye jinsi alivyoapa, tena kwa Mungu tu, na liwali akaridhika. Walisema liwali mwenyewe alishangaa, kwamba hajawahi kuona mtu mwenye dhamiri nyeupe vile.

Jumapili hiyo tulikutana nyumbani kwa Mzee Pekusi, madirisha yamefungwa. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Mwizi wa wafu anasimama nje ya mlango na wenye kutubu, mpaka wazee waone machozi yake yametosha, na Mzee Pekusi aliniambia kwa upole kwamba kosa kama langu linaweza kuchukua miaka. Nilisimama pale, paji la uso kwenye mbao. Nilifurahi kwamba yuko hai. Nilikuwa pia na hasira kali, nisifiche, hasira kwa Kaisari na kwa liwali, na kwa wale wanawake waliokuwa wananipitia wakikusanya nguo zao wasiniguse.

Ndani Horioni alianza kusoma bila kitabu. Alikuwa na sehemu kubwa kichwani, na alisema maneno yale taratibu, akisimama pale ambapo zamani alikuwa akigeuza ukurasa. Nilimsikia mtu analia, kisha wengine. Halafu akakwama. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, akakwama mahali pale pale, na nikajua ni hapo kwenye doa la mafuta. Hakuna aliyeweza kumsaidia. Mzee Pekusi akasema inatosha, tuombe.

Walipotoka walinipita mmoja mmoja. Yeye alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dengu akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, kama anavyowafanyia wenye kutubu wote.

"Mungu akusamehe, Tausiri," akasema. Nikamtazama masikio, na alikuwa anamaanisha.

"Amina," nikaitikia.